Maswali ya Wasomaji: Chango, PID na Endometriosisi

Barua za mwezi huu kuhusu maumivu ya hedhi zimekuja nyingi kutoka Dodoma na Singida. Tumechagua nne ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

*Daktari, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu hapa Kongwa. Akiingia siku zake analala chini siku mbili, anatapika, shule haendi. Bibi yake anasema ni chango, akizaa litaisha lenyewe. Nifanyeje? – Mama, Kongwa*

Pole mama, na mpe pole binti. Chango ni jina la maumivu, halituambii yanatoka wapi. Kwa wasichana wengi kizazi chenyewe hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo hukikaza kama mtu anayekamua nguo. Lakini wapo, hata wa umri wake, wenye endometriosisi: tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje yake, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo au kibofu. Hedhi ikija, tishu hiyo nayo huvimba na kuvuja damu isiyo na pa kutokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanao ugonjwa huu.

Anza na ibuprofeni miligramu 400, yaani vidonge viwili vya 200, baada ya kula, kila saa 8, kwa siku 2 au 3. Wengi hukosea kwa kusubiri mpaka mtoto ajikunje. Dawa hii huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Zilizokwisha kumwagika haiziondoi. Ameze dalili ya kwanza inapojitokeza, au siku moja kabla kama tarehe zake hazibadiliki. Asiichanganye na diklofenaki, ni za ukoo mmoja. Akiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, asimeze kabla hajamuona mtoa huduma.

Mnunulie daftari dogo. Aandike tarehe, maumivu kwa alama 0 hadi 10, panapouma, kama anaumia akienda haja, dawa aliyomeza na saa, na siku alizokosa shule. Miezi mitatu ikipita na bado anakosa masomo, mpeleke hospitali ya wilaya na daftari hilo, muombe rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Maneno "tumbo linamuuma" hupata dakika mbili. Daftari hupata uchunguzi.

Kuhusu kuzaa: ujauzito husimamisha hedhi, ndiyo maana wengine hupoa kwa muda. Hautibu. Tafadhali sana, mtoto asiozwe kwa ajili ya tumbo.

*Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Area C, Dodoma. Nimetibiwa PID (maambukizi ya bakteria kwenye kizazi na mirija) mara tano ndani ya miaka miwili: sindano, doksi, metronidazo. Ultrasaundi inasema kizazi kiko safi. Nimesoma kuwa Wajapani wamegundua endometriosisi inaletwa na bakteria. Nirudie dawa tena?*

Usirudie, dada. Uliyosoma yana msingi, ila habari ina sehemu ya pili. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walichunguza utando wa kizazi wakakuta bakteria aitwaye Fusobacterium kwa asilimia 64 ya wanawake wenye endometriosisi, na kwa chini ya asilimia 10 ya wasio nayo. Panya walioambukizwa walipata vidonda vingi zaidi, na antibayotiki, metronidazo ikiwemo, zikavipunguza. Ni kazi nzuri. Lakini panya si mwanamke, na kumkuta bakteria mahali hakuonyeshi kama alitangulia ugonjwa au alifuata. Metronidazo ya dukani haijawa tiba ya endometriosisi, na kuimeza ovyo hujenga usugu.

Tunachokiona kwenye barua yako ni kingine. PID halisi ikipata dawa sahihi huanza kutulia ndani ya siku tatu, na mara nyingi huwa na homa au uchafu wenye harufu. Maumivu yanayorudi kwa kalenda, yanayozidi kabla ya hedhi, wakati wa tendo au wa kwenda haja kubwa, yanaelekeza kwingine. Kosa hili lina historia. Kwa miaka mingi vitabu vya Marekani vilisema endometriosisi ni ya wanawake weupe wenye nafasi. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman alichapisha matokeo ya kuwachunguza kwa kamera ndogo inayoingizwa tumboni wanawake weusi wa Chicago: zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa nayo, na baadhi yao walikuwa wameshaandikiwa PID.

Ultrasaundi safi haimalizi kesi. Huona uvimbe wa ovari uliojaa damu ya zamani, unaoitwa uvimbe wa chokoleti. Vidonda vya milimita chache vilivyojibandika kwenye utando wa tumbo huipita. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 unaruhusu dalili zikitosha tiba ya homoni ianze, na upasuaji wa matundu madogo ubaki kwa wale ambao picha haionyeshi kitu au dawa imeshindwa. Liseme hilo kliniki bila woga.

Chanzo? Mwaka 1927 daktari Mmarekani John Sampson alieleza kuwa damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni. Hilo lipo, ila hutokea kwa karibu asilimia 90 ya wanawake, na wengi hawaugui. Vinavyochangia pia ni kinga isiyosafisha mabaki, vidonda vinavyojitengenezea vyenyewe homoni ya kike iitwayo estrojeni, na nasaba: tafiti za mapacha zinaipa urithi karibu nusu ya hatari, na uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 60,000, ulipata maeneo 42 yanayohusika. Hukujiletea. Anayekuambia ni uchafu au mimba iliyotoka anakuonea.

*Ni muuguzi wa zahanati, Bahi. Mgonjwa karudi kutoka rufaa na cheti kimeandikwa "endometriosisi, apewe homoni". Tuna vidonge vya majira na sindano ya miezi mitatu tu. Vinatosha?*

Vya kuanzia vinatosha, ndugu yetu. Pima presha kwanza. Ikiwa juu, au ana historia ya damu kuganda, au kipandauso chenye kuona mwangaza, vidonge vya majira vyenye homoni mbili havimfai. Akifaa, mwelekeze ameze vile 21 vya homoni, kisha afungue pakiti mpya bila kugusa 7 vya kahawia, maana hivyo ni madini ya chuma na ndivyo vinavyoacha hedhi ije. Matone katika miezi 3 ya mwanzo ni kawaida. Mwambie mapema, la sivyo ataacha.

Sindano ya miligramu 150 kila miezi 3 nayo hutuliza. Mweleze kuwa kupata mimba huweza kuchelewa miezi 10 hivi baada ya dozi ya mwisho, na ikitumika miaka mingi hupunguza uzito wa mifupa. Ipo pia dawa ya homoni iitwayo dienogesti, miligramu 2 kila siku, iliyotengenezwa kwa ajili hii. Marekani iliidhinisha dawa nyingine, elagoliksi, mwaka 2018. Nayo hupunguza maumivu, ila hula mifupa, ndiyo maana ina ukomo wa muda. Zote hutuliza, hakuna inayong'oa. Hata baada ya upasuaji vidonda hurudi kwa wengi, na homoni hupunguza kurudi huko.

*Mke wangu ana endometriosisi, alipewa vidonge vya majira, lakini tunatafuta mtoto mwaka wa pili sasa. – Mume, Manyoni*

Kaka, avimeze mpaka lini ni swali la kumrudishia daktari wake wiki hii, kwa sababu vinazuia yai kutoka na havimwongezei uwezo wa kushika mimba baadaye. Ombeni kipimo cha mirija. Akiwa na uvimbe wa ovari, upasuaji uamuliwe kwa uangalifu, maana kuutoa huondoa na mayai kiasi. Na wewe upime mbegu, baada ya siku 2 hadi 7 bila tendo. Sampuli itolewe palepale maabara: inatakiwa ichunguzwe ndani ya saa moja, na kutoka Manyoni hadi Dodoma mjini saa hiyo itakuishia barabarani.