Injini ya boti kwenye pikapu: inaingia, ila farasi za kwenye kibati usizihesabu

Swali lilikuwa kama injini ya dizeli ya silinda sita iliyotoka kwenye boti inaweza kufungwa kwenye pikapu na kutoa nguvu yote iliyoandikwa kwenye kibati chake. Kufungwa, ndiyo. Nguvu yote, hapana.

Bloku nyingi za boti ni zilezile za lori na trekta. Chukua Cummins ya lita 5.9: kwenye boti ilifikishwa farasi 370, wakati pikapu ya Dodge ya 1989 yenye bloku ya ukoo huohuo ilitoa 160. Sehemu ya tofauti hiyo ni pampu ya dizeli, nozeli, pistoni na tabo (kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini). Iliyobaki ni bahari. Intakula ya boti, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, hupozwa na maji yasiyokwisha. Ya gari inategemea upepo. Pampu ikiendelea kumwaga dizeli ileile, joto la ekzosi hupanda hadi pistoni zianze kuyeyuka. Funga kipimajoto kabla ya tabo, na kikigusa nyuzi 700 za Selsiasi mlimani, dizeli ipunguzwe kwenye pampu.

Kabla ya kulipa, hakikisha inazunguka upande gani. Boti za injini mbili wakati mwingine hupewa moja ya kuzunguka kinyume. Detroit Diesel za mfululizo wa 71 zilitengenezwa za pande zote mbili. Ukiangukia ya kuzunguka kinyume, kwenye gia boksi ya gia tano utakuwa na gia moja ya mbele na tano za kurudi nyuma. Uliza pia kama maji ya chumvi yalikuwa yakipita ndani ya bloku yenyewe. Kama ndiyo, achana nayo, kutu imeshakula njia za maji.

Kinachowasumbua wengi barabarani ni gavana, kifaa cha kwenye pampu kinachopima dizeli ili kusimamia mizunguko ya injini. Ya boti kwa kawaida hushikilia mizunguko: ukikanyaga kidogo, inamwaga dizeli nyingi mpaka mizunguko uliyoiomba ifikiwe, kisha inakata. Kwa propela ni sawa kabisa. Kwa gari ni mishtuko kila unapobadili gia, na pedali isiyo na katikati. Peleka pampu kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, iwekewe gavana ya gari, ile inayosimamia mizunguko ya chini kabisa (pedali ikiwa haijakanyagwa) na ya juu tu. Pampu nyingi za boti pia hazina kifaa cha kupunguza dizeli tabo ikiwa bado haijajaza hewa, ndiyo maana gari linatoa moshi mweusi likianza kuondoka. Yote mawili yafanywe pampu ikiwa bado mezani.

Manifoldi ya ekzosi iliyozungukwa na maji itoe, weka ya chuma kikavu. Ukiiacha, rejeta itabeba joto ambalo lingetoka nje kupitia bomba la ekzosi. Toa pia kipoza kinachotumia maji ya chumvi na pampu yake ya mpira. Hiyo ikizunguka bila maji hukatika muda mfupi tu.

Kwenye klachi, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) ya boti mara nyingi imetobolewa kwa ajili ya sahani ya springi na haina uso wa klachi wala nafasi ya beringi ya shafti ya gia boksi. Tafuta flaiwili na hausi yake (kifuniko kinachounganisha injini na gia boksi) ya lori la bloku hiyohiyo. Hausi ya saizi ya kawaida ya SAE 3 ina bolti 12 kwenye duara la mm 428.6, SAE 2 ni mm 466.7. Pima kama imekaa sawa na shafti ya injini kwa saa ya kupimia. Ikipita mm 0.2 kwa mzunguko mzima, gia boksi italia na beringi itakufa.

Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya boti hukaa kwa mteremko wa kwenda nyuma. Ukifunga breki oili inakimbilia mbele na pampu inanyonya hewa, kwa hiyo badilisha sampu pamoja na bomba la kunyonyea. Dipstiki nayo ichorwe upya.

Solenoidi ya kuzimia ya boti nyingi huhitaji umeme ili kuzima. Waya ukikatika, injini haizimiki. Weka inayohitaji umeme ili kuwaka, na waya wa kuvuta kwa mkono kama akiba.

Mwisho difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Tairi yenye mzingo wa m 2.4, difu 4.11 (shafti inazunguka mara 4.11 kwa mzunguko mmoja wa tairi), gia ya moja kwa moja, mizunguko 2,400 kwa dakika: unapata km 84 kwa saa. Difu ya 3.54 inakupa karibu 98. Gia ya juu ya 0.75 juu ya 4.11 inafika 112, na gia boksi hiyo kwa kawaida ni rahisi kuipata kuliko difu.