Kabla ya Kukimbilia Athena

Wiki hii nimeletewa tena spektra ya chuma, yaani mchoro wa jinsi sampuli inavyofyonza eksirei nishati ikipanda. Kilele cha ukingo, pale ufyonzaji unaporuka ghafla, kimelala utadhani kimekaliwa, wanataka Athena, programu ya kuchakata spektra, ikinyanyue, na swali ni lilelile: "Daktari, nisahihishe kwa algorithimu gani?" Wadogo zangu wa Kisumu, tuelewane.

1. Ulipima vipi? Kama mwali ulipenya sampuli nene hadi kwenye chemba ya nyuma inayohesabu mwanga uliobaki, usitafute kitufe. Mwanga uliovuja kwenye matundu, na harmoniki ya tatu ya Si(111), yaani eksirei za nishati mara tatu ambazo fuwele ya silikoni ya kuchuja mwali huzipitisha pia, eV 21,336 wakati ukingo wa chuma ni 7,112, vyote vimehesabiwa bila kuguswa na chuma chako. Hujui ni kiasi gani. Sasa utatoa nini? Rudia.

2. Fluoresensi, yaani kupima eksirei ambazo sampuli yenyewe huzitoa, inasahihishika, lakini programu itakuuliza fomula ya sampuli. Haya, murram ya Kakamega ina fomula gani? Kijana wetu mmoja alisaga murram, akaipima bila kuichanganya na chochote. Akapata oksijeni nne kando ya kila chuma, akaandika kurasa kwa kurasa kuhusu chuma cha tetrahedroni. Maskini, alikuwa na furaha! Nikamwomba anionyeshe umbali kati ya chuma na oksijeni: angstromu 2.0. Chuma(III) chenye oksijeni nne hukaa karibu na 1.87, huo wake ni umbali wa oksijeni sita. Kujifyonza, yaani chuma kingi kwenye sampuli kubana ishara ya fluoresensi, hupunguza idadi ya majirani unayoipata, umbali hakuuhamishi. Basi akaanza kusahihisha. Akaweka fomula ya Fe2O3, jibu moja. FeOOH, jibu jingine. Akaongeza kaolini, ule udongo mweupe, la tatu. Akachagua lililokaribia sita. Hapo nilikasirika kweli, maana kosa la kwanza ni la ugeni tu, lakini hili la pili ni kujipikia jibu.

3. Kati ya algorithimu za Athena, FLUO ni ya XANES, sehemu ya spektra iliyo karibu na ukingo. Booth na Troger ni za EXAFS, mawimbi yanayofuata baada yake, yanayotoa umbali na idadi ya majirani.

4. Sageni, jamani. Chekeche ya maikromita 38 haitoshi: hematiti, hiyo Fe2O3, hufyonza sehemu kubwa ya mwali ndani ya maikromita kumi hivi. Koroga unga kwenye asetoni, acha chembe nzito zitue, chukua zinazoelea. Changanya na boroni nitraidi, unga usiofyonza sana eksirei, hadi ruko la ukingo lifike kama 1, na ufyonzaji wote usizidi 2.5.

5. Mchanganyiko huo ukishaushindilia kuwa kidonge, beba pia kidonge cha pili chenye murram pungufu. Spektra zikilaliana, huna cha kusahihisha. Na kinu usikisahau nyumbani: Afrika haina sinkrotroni, mtambo unaotoa mwali huu wa eksirei, na ukishafika Jordan au Grenoble saa zako zinahesabiwa hata ukiwa bado unatafuta mchi wa kuazima.