Ulipouliza kama umeshindwa uchoraji

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza: tangu magazeti yaanze kuchapa makala zako kuhusu picha za wenzako, turubai zako zimeegemea ukuta tu, je, umeshindwa uchoraji? Nimelala na swali hilo siku mbili, nikamkumbuka Eugène Fromentin, mchoraji aliyekuwa pia mwandishi.

Alizaliwa La Rochelle, Ufaransa, mwaka 1820. Alisomea sheria Paris, kisha akashika brashi. Mwaka 1846 alivuka bahari kwenda Algeria bila kuwaaga wazazi wake. Hapo nilipasoma nikafunga kitabu kwanza, nikifikiria kozi niliyokulazimisha kusoma. Nisamehe kwa lile.

Picha zake za farasi na wawindaji wa Algeria zilimpa jina. Lakini mwaka 1853 alifika Laghouat, mji wa ukingoni mwa Sahara ambao jeshi la Ufaransa lilikuwa limeuteka Desemba iliyotangulia na kuua watu wengi mno. Baadaye, mwaka 1859, akachora mtaa wa mji huo: wanaume wamejilaza kivulini, jua kali, kimya. Wafu hawamo. Wamo katika kitabu chake, Un été dans le Sahara, alimoandika aliyosimuliwa na ofisa wa jeshi kuhusu siku ile. Mwanangu, mimi naamini jicho ni lile lile moja. Kuna lililokubali rangi, na kuna lililomlazimisha kushika kalamu.

Wala hakuacha kuchora. Mwaka 1875 alizunguka Ubelgiji na Uholanzi akitazama kazi za mabingwa wa kale, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake kuhusu mabingwa hao, Les Maîtres d'autrefois. Humo alimsifu mchoraji Rubens kwa moyo wote. Mbele ya picha maarufu ya Rembrandt, ile ya walinzi wa mji wa Amsterdam, alisema wazi kwamba haikumridhisha, akaeleza sababu moja moja, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Mtu asiyewahi kuchanganya rangi asingeyaona yale. Agosti ya mwaka huo huo alifariki, ana miaka 55.

Kwa hiyo hapana, hujashindwa. Makala zako nazisoma zote, na kila unapoeleza jinsi rangi ilivyopakwa naiona mikono yako ya utotoni, imejaa bluu hadi viwikoni. Ile picha ya wavuvi uliyoiacha nusu nimeipangusa vumbi, ipo chumbani kwako. Njoo Idi uitazame.

Mama yako