Gawa data kwa kaya, usigawe kwa vipande

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema una rekodi za sauti za wazazi wakiwa na watoto wadogo kutoka kaya 40, umezikata vipande vya sekunde kumi, ukavichanganya vyote, asilimia 80 vikafunza modeli (programu ya kupima mzazi anavyomwitikia mtoto) na 20 vikaipima, alama zimetoka nzuri, na wiki ijayo unawapa wahudumu wa afya ya jamii waitumie kuwashauri wazazi. Usiwape.

Hizo alama hazina maana. Mama yule yule, mtoto yule yule na jogoo yule yule wa jirani wako pande zote mbili, ya kufunzia na ya kupimia. Modeli yako haijajua mzazi anavyomwitikia mtoto, imekariri nyumba.

Sisi tuliuziwa hivyo hivyo. Mshauri tuliyemlipa, tena kwa dola, alituletea jedwali linalong'aa akasema kazi imeiva. Nikamuuliza vipande vya kupimia vimetoka nyumba zipi. Akanijibu vimechaguliwa kwa bahati nasibu, ndivyo sayansi inavyotaka. Mtu anajiita mtaalamu wa data na hajui kwamba vipande viwili vya mazungumzo yale yale si ushahidi wa mambo mawili! Tukaingia fildi na jedwali lake.

Kuna bibi alikuwa analea mjukuu, redio inaunguruma tangu alfajiri. Mtoto ananyoosha kidole, "ku!" Bibi anachambua mchele, hata kichwa hainui: "Eeh, kuku huyo. Anakula nini?" Mtoto anajibu kwa lugha yake, bibi anamjibu tena, wanaendelea. Kupokezana kule ndiko tulikokuwa tunakutafuta. Programu ikatoa nyekundu. Mhudumu akamwambia bibi ajitahidi kuongea na mtoto, na bibi wa watu akaanza kuomba radhi. Bado inaniuma.

Tulipofukua tukakuta nyumba nyingi zilizopewa alama za chini kwenye data ya kufunzia zilikuwa na TV au redio iliyowashwa. Modeli ilikuwa inasikiliza redio. Tulipogawa upya kwa kaya, alama zikaporomoka, zikawa kama za mtu anayebahatisha. Yule mshauri angeliona hilo kwa kazi ya jioni moja.

Kwa hiyo kaya nzima ikae upande mmoja tu. Kwenye scikit-learn, maktaba ya Python ya kufunza modeli, kuna GroupKFold inayogawa data kwa makundi; sehemu ya groups weka namba ya kaya. Na kaya usiihesabu kwa milango: kama mama mkubwa na mama mdogo wanaishi ua mmoja na watoto wanazunguka kote, hiyo ni kaya moja, sauti ni zile zile.

Na LENA waliyokushauri ununue, kifaa cha kurekodi na kuhesabu maongezi ya mtoto na walezi, nayo ipime kwa kipimo hicho hicho. Inahesabu mtu mzima na mtoto wanavyojibizana ndani ya sekunde 5, sawa, lakini ilifunzwa kwa rekodi za Kiingereza cha Marekani, na maneno ya dada wa miaka minane anayembeba mdogo wake mchana kutwa hayaingii kwenye hesabu ya walezi. Kwenye nyumba zetu nyingi huyo ndiye anayeongea na mtoto kuliko wote. Chukua kaya ambazo chombo hakijawahi kuzisikia, watu wawili wanaoijua lugha ya pale wasikilize na kuweka alama kila mtu peke yake, kisha linganisha.

Kuhusu simu ya kurekodia, yoyote yenye chaji. Gawa upya leo, ubandike hapa alama za kila kaya peke yake, si wastani, tuzione kabla wahudumu hawajagusa hiyo programu.