Jibu: Devil May Cry ipi ina mapigano ya kasi zaidi?

Mkuu, umeuliza kama ya 5 kwenye mfululizo huu wa magemu ya mapigano inaizidi kasi ya 3 na ya 4. Kwa macho tu, ya 4 ndiyo inakimbia, hasa toleo la Special Edition la 2015: ukiwasha Turbo, gemu zima linaongezeka kasi kwa asilimia 20. Ila kasi yenyewe iko vidoleni. Kwenye ya 3 ile ya 2005, mtindo wa kupigana wa Dante, mhusika mkuu, unauchagua kabla ya misheni au kwenye sanamu. Ya 4 ikaruhusu kubadili papo hapo: unamrusha adui juu kwa upanga, unabonyeza mshale wa pedi kubadili mtindo, unamfuata kabla hajatua. DmC ya 2013, ile iliyoanza hadithi upya, kwenye PS3, fremu (picha) 30 kwa sekunde, niliiona nzito kama ugali. Anza na ya 4.