Mkuu, acha maua, fungua madirisha

Unasema chumba kipya cha Sinza kinanuka rangi na kabati jipya, na muuza maua kakuhakikishia vyungu kumi vitanyonya sumu yote, ulale umefunga madirisha. Unauliza ununue aina gani na uweke udongo upi. Usinunue kitu!

Jamaa wa kitalu cha kando ya barabara aliniimbia wimbo huohuo, akaitaja NASA, lile shirika la anga la Marekani, kama vile wamepanga nyumba moja. Laki mbili na ushee zikaishia kwenye maua ya sansevieria. Hela nimesamehe. Kilichoniumiza ni kufunga kila dirisha, nikaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu, eti vumbi lisiyachafue majani! Kabati la MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshikishwa kwa gundi, linatoa fomaldehaidi, gesi inayowasha, kutoka kwenye gundi yake, na mimi nimeifungia ndani nilale nayo. Nikivuta droo, macho yanawasha hadi machozi. Mke wangu akadhani nalilia zile hela, na hakukosea sana. Ukuta nyuma ya vyungu ukaota ukungu mweusi. Kwenye visahani vya chini, viluwiluwi wanacheza. Mbu wa dengi ndiko wanakopenda kuzaliana. Nilimrudia yule bwana, akaniambia niongeze vyungu. Kuongeza!

NASA walipima kweli, mwaka 1989, ila mmea ulikuwa ndani ya kisanduku kilichozibwa, na mtambo waliousifia ulikuwa na feni na mkaa maalumu wa kuchuja. Muuzaji hilo kalimeza. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walirudia hesabu za tafiti za namna hiyo: ili mimea ifikie kazi ambayo hewa inayoingia na kutoka jengoni inaifanya bure, unahitaji kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita tatu kwa tatu, kwa uchache ni 90. Utalazimika kulala nje, ambako hewa unaipata bila chungu hata kimoja.

Leo ukitoka kazini fungua dirisha na mlango unaotazamana nalo, upepo upite, droo zote ziache wazi. Fanya hivyo kila siku mpaka harufu ikate. Kama unaogopa mbu, hela ya maua peleka kwa fundi akupigie wavu dirishani.