Hita inavuja: usikimbilie kununua mpya

Mkuu, umesema hita yako ya maji ya lita 50 hapo Area C, Dodoma, ina miaka tisa, inadondosha maji, na fundi anataka uibadilishe yote. Taratibu kwanza.

Zima umeme, kausha kila kitu, kisha zungushia tishu kila maungio. Rudi baada ya nusu saa uone ipi imelowa. Kwangu Kikuyu ilikuwa nati ya bomba la maji ya moto, imeota ukoko mweupe kama chumvi ya mawe. Maji ya visima huku kwetu ni magumu, yaani yana madini mengi yanayoganda, nadhani ukoko ndani ya birika lako unakusimulia.

Ikidondosha wakati inachemsha tu, tazama kale kavalvu ka usalama (kanakotoa maji presha ikizidi) chini, upande wa maji baridi. Maji yakipata moto hutanuka, kwa hiyo matone machache ni kawaida. Yakitiririka hata ikiwa imepoa, valvu imechoka au presha ya bomba ni kubwa.

Ila maji yenye kutu yakichuruzika kutoka ndani ya ganda, tangi limetoboka. Hapo fundi yuko sahihi, usikubali kuchomelea. Hiyo mpya, fimbo yake ya magnesi (inayoliwa na kutu badala ya tangi) ikaguliwe kila mwaka.